Simulizi yangu ilianza kwa kicheko, sasa kuna sumu kwenye juisi

Wahariri, habari za kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29. Mchana nauza duka la vifaa vya shule, jioni naandika simulizi za mapenzi kwenye simu. Nina grupu la WhatsApp lenye wasomaji 140, kila mmoja hulipa shilingi 2,000 kwa simulizi nzima, nami hutuma sehemu tatu kwa wiki.

Simulizi yangu ya kwanza ilimhusu fundi cherehani na kijana wa bajaji waliokuwa wakigombea kivuli cha mwembe mmoja. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika, mpaka mdogo wangu akadhani nina mchumba. Sasa niko kwenye ya tatu, sehemu ya 41. Kuna kijana tajiri, kuna mama mkwe aliyetia sumu kwenye juisi, na juzi nimemleta dada pacha kutoka Afrika Kusini. Wasomaji wanasema nizidishe machozi. Mimi nikishika simu naandika mistari mitano, nafuta minne. Sehemu ya Jumatano naimaliza Jumatano yenyewe saa nne usiku, watu wameshaanza kuuliza.

Nataka kurudi kwenye mapenzi ya kuchangamsha, ya watu wa kawaida wa leo. Lakini kichwa ni kitupu, na mwandishi mwenzangu ananiambia hadithi za kuchekesha ni za kupitishia muda, si uandishi. Msukumo unapatikana wapi? Na nitafurahiaje tena? Halafu, niandike kwa “mimi” au kwa “yeye”?

Aliyekaukiwa, Ngamiani, Tanga

*

Dada wa Ngamiani, salamu.

Aliyekaukiwa haandiki sehemu 41. Kilichokupata ni kuhama fani bila kujijua: ulianza na mapenzi ya kuchangamsha, ukajikuta kwenye hadithi ya sumu na mapacha, ambayo ina mafundi wake na wasomaji wake, na wewe humo hustareheki. Mkono umegoma kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Chanzo tunakiona kwenye hiyo saa nne ya usiku. Mtu anayeandika sehemu siku ileile ya kuituma hushika kilicho karibu, na kilicho karibu siku zote ni balaa. Ajali ya gari inahitaji sentensi mbili. Kicheko kinahitaji umjue mtu: anachoogopa, anachojivunia, anavyoshika kikombe akiwa na hasira. Basi ukachukua balaa. Kisha balaa la Jumatano likadai kubwa zaidi Ijumaa, na huko mbele hakuna pa kupandia, ndiyo maana pacha amelazimika kupanda ndege.

Simulizi hiyo imalize kwanza, kwa sehemu tano, si zaidi. Watu wamelipa. Usiseme juisi ilikuwa ndoto. Msomaji aliyekesha na sumu yako kwa wiki tatu atajiona ametapeliwa, na ya nne hatalipia. Sehemu mbili za ukweli kujulikana, moja ya mama mkwe kujibu makosa yake, mbili za wapenzi kukaa chini. Pacha arudi alikotoka. Halafu tangaza mapumziko ya wiki nne, zitaje tarehe, na ndani ya wiki hizo usitume hata mstari mmoja kwenye grupu. Hesabu yake tutaifikia.

Sasa msukumo. Tusingependa uusubiri. Mapenzi ya kuchangamsha yana mtambo wake, na mtambo huo ukiwepo mambo huanza kujileta yenyewe. Unahitaji watu wawili wasioweza kukwepana, jambo linalowagonganisha ambalo kila mmoja ana haki kwa upande wake, na tarehe inayokuja wapende wasipende. Mwembe wako ulikuwa na viwili vya kwanza. Ulikosa tarehe, na bila shaka katikati ya simulizi ile ulihangaika kutafuta pa kwenda.

Tuchukue kamati ya harusi. Tunashangaa inavyotumika kidogo, ilhali kila mtu mzima mjini amewahi kukaa kwenye moja. Watu wasiojuana wanakutana kila Jumapili saa kumi jioni. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kuna ahadi zinazosomwa kwa sauti mbele ya watu, na kuna wa kumalizia ahadi ambaye simu yake haipatikani tangu Pasaka. Kuna ugomvi wa bei ya sahani, wa mpambaji, wa nani apewe kadi ya mtu mmoja na nani ya wawili. Na kuna siku ya harusi, ambayo haimsubiri mtu.

Weka humo Neema, mhasibu wa shule, mfanyakazi mwenzake bwana harusi, aliyechaguliwa kuwa mweka hazina kwa sababu siku hiyo alichelewa kufika na hakuwepo kukataa. Yeye anataka harusi ifanywe kwa fedha taslimu iliyoko mkononi. Ya kaka yake iliacha deni, na anajua lilivyolipwa. Weka Prosper, kaka wa bwana harusi na mwenyekiti wa kamati. Amemwahidi mama yao kwamba mtoto wa mwisho ataolewa kwa shangwe, eti “ataolewa” kama alivyoteleza ulimi mbele ya kikao, na kikao hakijamsahaulisha. Hakuna mbaya hapo. Ukiwaweka mezani na daftari la michango, wanagombana bila wewe kuwasukuma.

Kipimo cha kikwazo ni hiki: wakikaa dakika kumi na kuambizana ukweli, hadithi inaisha? Kama inaisha, umejenga juu ya kutoelewana tu, nako hakubebi simulizi nzima. Msomaji ataanza kupiga kelele: si umuulize? Kwa Neema na Prosper, ukweli ukisemwa wote bado fedha ni ileile na mama bado anasubiri shangwe. Ni lazima mmoja abadilike, au wote wawili kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo mapenzi yenyewe yanavyoonekana kwenye karatasi.

Kutoelewana si haramu lakini. Kunafaa kwa sehemu mbili, tatu kwa bahati, na Kiswahili kimekupa zana ambayo waandishi wa lugha nyingi wangeilipia. Neema anamsikia Prosper kwenye simu: “Anakula vizuri? Usiku halii? Mwambieni Jumamosi nakuja kumwona, nimemkumbuka mno.” Ni nani? Kiambishi “a-” hakisemi mke wala mume, mtoto wala bibi. Neema anaamini Prosper ana mtoto aliyefichwa. Jumamosi kamati inakwenda Marangu kwa mama, na Neema anatambulishwa kwa ng'ombe wa maziwa aliyeko bandani, ambaye kweli usiku halii tena. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyejificha nyuma ya mlango. Lugha yenyewe imefanya kazi. Zana hiyohiyo hukata pande mbili: kwenye majibizano marefu “akasema, akamjibu, akamwambia” humpoteza msomaji asijue nani ni nani. Rudisha jina kila baada ya kauli tatu au nne, au mpe kila mmoja kitu cha mkononi, Neema kikokotoo, Prosper funguo za gari, uandike kitu hicho badala ya jina.

Zana ya pili ni utani, na hapa tutakaa kidogo. Neema awe Mpare wa Same, Prosper Mchaga wa Marangu. Wapare na Wachaga ni watani, na kila Mtanzania anajua kinachosemwa: Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na Mchaga akisikia sarafu imeanguka huamka hata akiwa amezimia. Katika mapenzi ya kuchangamsha shida kubwa ni kuwafanya watu wagombane bila msomaji kuwachukia. Utani umelitatua hilo zamani sana. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa, na chini ya maneno kila mtu anajua kuna undugu. Kwa hiyo Neema anaweza kumwambia Prosper ukweli mchungu kuhusu bajeti yake mbele ya watu 15, wote wakacheka, na wao wawili tu wakajua kwamba safari hii haukuwa utani. Siku Prosper anapoacha kumtania, msomaji ashtuke. Huko ndiko kwenye kilele chako. Hakuna haja ya mtu kulazwa hospitali.

Kinachoharibika kwenye utani ni usawa. Kama maneno yanakwenda upande mmoja tu, umeandika dharau. Hesabu: kila Prosper akipata pointi mbili, Neema apate mbili au tatu. Na kama una wasomaji wa Nairobi au Mombasa, punguza utani wa makabila, maana huko desturi haiko kama yetu na neno lililokusudiwa kuchekesha linaweza kuwaka. Utani wa shemeji, wa binamu, wa babu na mjukuu unasomeka kila mahali.

Vitu vya kujazia mtambo huo huokotwa, havibuniwi. Weka daftari dogo dukani, uandike mistari mitano kwa siku, ya kusikia tu: maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, bila maoni yako. Mzazi anayebishana bei ya rula. Mtoto anayemrekebisha mama yake. Unauza duka, mdogo wetu. Waandishi wengine hulipa nauli kwenda kusikia hayo. Kwa wiki nne utakuwa na mistari zaidi ya 100, na ukipata 20 ya kutumia umefanikiwa sana. Kosa la kawaida ni kuandika “leo nimemwona mama mcheshi sana.” Baada ya mwezi sentensi hiyo haikupi kitu. Andika alichosema.

Kanga nazo ni ghala. Pindo na mji vipambie upendavyo, wewe soma jina, yale maneno yaliyoandikwa. “Mdhaniaye ndiye siye” peke yake ni njama nzima ya riwaya. “Japo sipati tamaa sikati” ni mhusika. Mbinu inayozaa ni kuuliza: nani aliinunua, ili nani aione, na ikasomwa na nani asiyekusudiwa? Tena kanga huuzwa doti, vipande viwili. Akikata doti akatoa kipande kimoja, kilikwenda kwa nani? Lipo jambo hapo kwa mtu atakayetaka kumwonyesha Neema akiivaa kwenye kikao cha tano bila kueleza alikoipata.

Vingine vimechakaa, uviache vipumzike: kugongana na vitabu kumwagika, bosi anayempenda katibu wake, fedha kutumwa kwa namba isiyo yake. Foleni ya pantoni Magogoni tungeiruhusu, mradi wahusika wawe na sababu ya kwenda Kigamboni na si kukutana tu.

Ucheshi wenyewe sasa, kwa kuwa huko ndiko furaha yako ilikozikwa. Unapoandika “kila mtu alicheka sana” umemnyang'anya msomaji kazi yake. Tazama: “Watu walicheka sana kwa sababu Prosper aliahidi elfu tano wakati ana gari kubwa.” Sasa hii: “Prosper aliegesha gari lake jipya mlangoni, akafunga vioo kimoja kimoja, akakaa kiti cha mbele, akasubiri jina lake lisomwe, akaahidi elfu tano.” Habari ni ileile. Ya pili imeficha kichekesho kwenye maneno mawili ya mwisho na haikucheka. Msimulizi asicheke kamwe, na alama zile za nyuso zinazotoa machozi ziishie kwenye grupu, zisiingie kwenye simulizi.

Mapenzi vilevile yasisemwe. Wazungumzie bei ya sahani wakiwa na maana nyingine. Kiswahili kina ngazi nzuri ya majina: Neema aanze na “mheshimiwa mwenyekiti” kwa kejeli, ashuke kwenye “kaka Prosper,” kisha siku moja, akiwa amechoka, atamke “Prosper” tupu. Usieleze. Acha Prosper aangushe kalamu. Ngazi hiyo ikipandwa polepole, mguso wa kwanza wa mikono kwenye sehemu ya 20 utawaka kuliko chumba chochote cha hoteli kwenye sehemu ya 3. Na amua mapema unaandika kitu cha kusomwa mezani au chombezo, hadithi ya mambo ya chumbani. Waambie wasomaji kabla hawajalipa. Wanaolalamika mara nyingi ni waliouziwa kimoja wakapewa kingine.

Hesabu sasa. Vikao tisa, kila kikao sehemu nne: ya kwanza kikao chenyewe, ya pili kazi iliyotokana nacho, ya tatu kazi hiyo kuharibika, ya nne wao wawili wakirekebisha. Sehemu 36 za maneno kama 1,000 kila moja. Ukiandika maneno 600 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata 3,000, yaani sehemu tatu. Wiki nne za mapumziko zinakupa akiba ya sehemu 12 kabla hujatuma ya kwanza. Kuanzia hapo unaandika tatu na kutuma tatu, akiba haipungui, na wiki ukiugua malaria hakuna atakayejua. Akiba hii ndiyo dawa yako kubwa kuliko yote tuliyosema. Mtu mwenye sehemu 12 mkononi anaweza kurudi sehemu ya 4 akapanda kitu kitakachochanua ya 16. Anayetuma sehemu ikiwa bado ya moto hawezi, yaliyotumwa yametumwa.

Wanapaswa kuachana kidogo, takriban sehemu ya 27 au 28. Waachane kwa tabia zao: Neema azuie fedha ya ukumbi bila kumwambia mtu, Prosper akope kwa siri. Hapo mkono wako utatamani mama mkwe. Uzuie.

Na mwisho uwe wa furaha. Hilo ni deni. Msomaji wa fani hii anasamehe ng'ombe, anasamehe hata MC anayeongea kurasa mbili, lakini ukimuua Prosper sehemu ya 35 hatarudi, na atawaambia wengine.

Jinsi ya kukaa na kuandika: dakika 20, daftari na kalamu, simu ikiwa hali ya ndegeni. Usifute, kufuta mistari minne kati ya mitano ni kuhariri, na kuhariri kuna siku yake, Jumamosi. Anza na tukio unalolitamani hata kama liko sehemu ya 30. Hakuna sheria ya kuandika kwa kufuata namba, na lile la ng'ombe likishaandikwa, utajua nini kilitakiwa kutangulia. Simama katikati ya mabishano, ukiwa bado unajua jibu la Neema. Kesho unaanza na jibu. Ukishafikisha sehemu nne, jirekodi ukizisoma kwa sauti, usikilize ukipika. Utakapojikuta unageuza chapati umeacha kusikiliza, hapo pa kukata.

Tafuta wasomaji wawili nje ya grupu. Usiwaulize kama imependeza, watakupenda tu. Waulize: uliiweka chini wapi? Wale 140 wape kura ya rangi ya sare za kamati, ya biriani au pilau. Njama haipigiwi kura. Wanaodai machozi wanataka kuguswa, na mguso wanaoujua kwako kwa sasa ni sumu.

Kuhusu mwandishi mwenzako: mpe tukio moja, watu wawili wanaopendana wakibishana juu ya kreti za soda, maneno 1,000, msomaji acheke mara tatu na mwisho aumie kidogo. Mpe wiki nzima.

“Mimi” au “yeye”? Kwa simulizi hii, yeye, lakini kaa begani kwa Neema muda wote. “Mimi” ingekuwa tamu, ila ukiwa ndani ya kichwa chake kwa sehemu 36, Neema hawezi kujificha kwamba amempenda, na msomaji anatakiwa ajue wiki mbili kabla yake. Anza na kikao cha kwanza, Jumapili saa kumi na nusu, Neema akiingia na mfuko wa nyanya mkononi na kukuta watu wote wamegeuka wanampigia makofi.